Flashi Ndogo ya Bi. Mwatum

Waliokuwepo jioni ile nawataja mmoja mmoja, kwa majina yao kamili, maana tangu hapo nimesikia mjini yakitajwa majina ya watu ambao hawakukanyaga pale.

Alikuwepo Khozema bin Moiz Dharsi, mwenye duka la vifaa vya kompyuta, Ngamiani, Barabara ya Tisa. Alikuwepo Tahera, mkewe, nyuma ya kaunta, akikata picha za pasipoti. Alikuwepo Mwatum binti Amour Khamis, mzaliwa wa Wete, Pemba, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta pale Makorora. Alikuwepo Khairat binti Abdulwakil, mjukuu wake, aliyekuwa amepata nafasi ya chuo cha uuguzi na alikuwa akisubiri muhula uanze. Na nilikuwepo mimi, Hatibu bin Sadalla, karani mstaafu wa ofisi ya ramani.

Wengine husema alikuwepo wa sita. Huyo simwandiki. Sikupata kuambiwa jina lake.

Ulikuwa mwaka wa mgao. Mabwawa yalikauka, na Ngamiani umeme ulirudi alasiri, ukakaa mpaka giza likiingia, kisha ukaenda zake. Kwa hiyo shughuli yetu ilibidi ifanyike kabla ya magharibi. Tulikwenda kununua flashi.

Lazima nieleze kwa nini watu watatu tulikwenda kununua kitu cha ukubwa wa kucha.

Bi. Mwatum alivuka kutoka Pemba miaka ile ya dhiki, sabuni ilipokuwa ya foleni na unga ulikuwa ule wa yanga, wa mahindi ya njano ya msaada. Alifika Tanga akiwa mgonjwa asiyelala. Hospitalini walimpa pole, kwa kuwa dawa hazikuwepo. Watu wakampeleka Mwera, ng'ambo ya mto Pangani, kwa fundi wa pepo aitwaye Asheri Mhina. Asheri akampigia ngoma. Pepo akapanda, akasema anachotaka, akapewa. Bi. Mwatum akapona. Lakini yule pepo hakuondoka. Alikaa. Mwatum akawa kiti chake, na kiti kikichakaa, pepo hutafuta kingine katika damu ileile.

Sasa Mwatum alikuwa na ugonjwa wa moyo, akipanda ngazi moja na kupumzika. Na Khairat alikuwa ameanza. Aliamka akiwa na tope miguuni, na nyumba yao ni ya sakafu ya saruji. Asheri alipopata habari akatuma neno: binti aletwe Mwera, awekwe ndani, masomo yaachwe, akabidhiwe urithi wake.

"Mimi nilikaliwa kwa sababu nilikuwa sina nguvu," Bi. Mwatum aliniambia barazani kwake. "Huyu anazo. Wallahi hakaliwi."

Akaenda mwenyewe Mwera kumkabili Asheri. Akarudi na jibu. Zamani pepo waliweza kuhamishiwa kwenye pete. Lakini huyu alikuwa hatengani na wimbo wake, na pete haishiki wimbo. Kiwepo kitu kinachoshika wimbo, kisichokuwa na jina la yeyote, kichukuliwe na mtu asiye wa damu yao, na mtu huyo asitengane nacho. Na jambo moja zaidi. Wimbo ukiisha tu, pepo aingie papo hapo. Akikuta mlango haujawa tayari hatangoja. Atakaa kwa aliye karibu.

Wimbo walikuwa nao. Ngoma ile ya Mwera ilirekodiwa kwenye kaseti, na Bi. Mwatum aliihifadhi ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Aliyefikiria flashi ni Khairat.

"Ni kitu kidogo, bibi. Kinaning'inia kwenye funguo na kinashika wimbo mzima."

"Funguo za nani?"

Wote wawili wakanitazama mimi.

Sikuamini. Nilisomeshwa na watu waliotuchapa viboko kwa kutaja mambo hayo. Lakini Mwatum ndiye aliyemwosha marehemu mke wangu siku tatu kabla hajafa, wakati wengine walikuwa wanaogopa ugonjwa wake. Nikasema ndiyo.

"Shikamoo, Mzee Hatibu," Khozema alisema tulipoingia. "Leo umekuja na walinzi?"

"Marahaba. Nimekuja na jirani zangu. Tunataka flashi. Ndogo ya umbo, na ya haraka. Itakaa kwenye pete ya funguo."

Alifungua droo akaweka tatu juu ya kioo cha kaunta. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, ndefu, ya mfuniko.

"Mfuniko huo utapotea kabla hawajafika Makorora," Tahera alisema bila kuinua macho.

Ya pili ilikuwa ya mpira, umbo la samaki.

"Imeandikwa giga moja," Khairat alisema. "Ni kweli?"

"Imeandikwa, binti. Wachina wameandika, mimi sikuwepo."

Ya tatu ilikuwa ya chuma kitupu, haina mfuniko, na tundu la kupitishia pete lilitobolewa kwenye chuma chenyewe. Nilimwomba Khozema azijaribu zote mbele yetu. Akachukua picha za harusi ya mteja mmoja, akazihamisha, huku sisi tunatazama ule mstari wa kijani ukitambaa. Nyekundu ilitafuna kama bibi asiye na meno. Samaki alijaa kabla bibi harusi hajatoka saluni. Ile ya chuma ilimaliza harusi nzima Tahera akiwa bado anacheka.

"Inameza kama papa," Khozema alisema.

"Papa huyo hutapika?" Bi. Mwatum akauliza. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Hatapiki, bibi, mpaka umwamuru."

"Na haina jina la mtu?"

"Mpya kabisa. Ngoja niisafishe, hizi picha zitoke."

Akaisafisha. Vidole vyake vilikwenda upesi kwenye vitufe, kwa mazoea, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati. Sisi hatukuwa tunatazama vidole. Tulikuwa tunatazama mkebe wa maziwa, ambao Bi. Mwatum alikuwa ameanza kuufungua.

Khozema aliambiwa kwamba ni ngoma ya zamani tu. Aliunganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya. Wimbo uingie kwenye kompyuta, kisha uhamishwe.

"Magharibi inakaribia," Tahera alisema. "Mimi miziki sipendi saa hizi."

"Mmoja tu, mwanangu," Bi. Mwatum akajibu.

Tahera aliitazama mikono ya yule bibi. Kisha akaenda akaurudisha mlango, akaacha upenyo.

Bi. Mwatum alikuwa amenieleza kilichomo katika kaseti. Asheri anauliza mara mbili. Mwanzoni anauliza, "Umefika?" Mwishoni anauliza, "Umekaa?" Na Mwatum, kwa sauti isiyo yake, anajibu mara zote mbili.

Khozema akabonyeza.

Kwanza mvumo. Kisha ngoma moja, ya ngozi iliyolegea… du… du-du… du… Kisha makofi. Wanawake wakaitikia kwa mbali, kana kwamba wako nyumba ya pili. Halafu sauti ya Asheri, ya ujana wake, karibu kabisa na kinasa sauti.

"Umefika?"

Kaseti ikabaki na mvumo.

"Nimefika."

Sauti haikutoka kwenye spika.

Ilitoka nyuma yangu, alipokaa Khairat.

Niligeuka. Alikuwa ameketi wima, viganja juu ya magoti, vimeelekea dari. Uso ulikuwa wake. Lakini aliitazama ile flashi kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba aliyoahidiwa.

Harufu ikaja. Tope la mtoni, la chini ya mikoko maji yakipwa. Barabara ya Tisa haina mto.

"Mfereji huo," Khozema alisema.

"Si mfereji," Tahera akasema.

Ngoma ikaongezeka kasi. Bi. Mwatum alikuwa akisogeza midomo. Nilidhani anasoma dua, kumbe anahesabu mapigo, maana aliujua wimbo unaishia wapi.

"Jitayarishe," akamnong'oneza Khozema. "Ukiisha tu."

"Umekaa?" Asheri akauliza.

Mvumo.

Tulingoja. Jibu halikuja, si kutoka kwenye spika, wala kutoka kwenye kiti cha Khairat. Kitufe cha redio kikaruka. Kaseti ikasimama.

Khozema akahamisha. Mstari wa kijani ukatoka mbio kama ulivyotoka kwa zile picha.

"Inameza," alisema. "Inameza… inameza… mbona imekwama?"

Mstari ulibakiza kipande chembamba kama uzi.

Na ngoma ikaendelea.

Nilizitazama roda za kaseti kuhakikisha. Zilikuwa zimesimama. Ngoma ilikuwa inaendelea… du… du-du… na Khairat alianza kutikisa kichwa taratibu, akifuata.

Nina mazoea ya kusoma majina kabla ya jambo lingine lolote. Ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote, majina ya vijito na vilima na mipaka. Nikasogea kwenye kioo cha kompyuta. Pale ambapo huandikwa jina la flashi, palikuwa na tarakimu tatu.

"Khozema. Hii 786 ni nini?"

"Bismillahi, Mzee. Ndiyo hesabu ya herufi zake. Kila kinachotoka dukani kwangu nakiandika hivyo kwanza. Baba alifanya hivyo, na babu alifanya hivyo."

Bi. Mwatum akashika ukingo wa kaunta.

"Mmemfungia mlango," alisema. "Huyu hana dini. Hapiti kwenye jina la Mungu."

Hapo Khozema akaelewa alichokuwa anafanyishwa.

"Lifute!" Bi. Mwatum akasema. "Lifute upesi, mwanangu, lifute!"

Mkono wa Khozema ukaenda kwenye vitufe. Ukasimama juu yake.

"Usifute," Tahera alisema kwa sauti ndogo.

"Tahera, huyu mtoto…"

"Namwona. Usifute."

"Bibi, nisamehe," Khozema akasema. Alikuwa analia. "Nitafanya lingine lolote. Silifuti jina la Mungu ili shetani apite. Silifuti."

Na mimi, Mwislamu, ningemwambia nini? Alikuwa na haki.

Khairat akacheka. Kicheko cha mtu mzima sana, kilichotoka tumboni. Akamgeukia bibi yake.

"Nyumba yako inavuja," ile sauti ikasema. Kisha mkono wa Khairat ukapanda taratibu, ukapapasa kifua cha Khairat, kama mnunuzi anavyopapasa kitambaa. "Hii mpya."

Bi. Mwatum, aliyekuwa hawezi ngazi, aliruka akamshika mjukuu wake taya.

"Hukai humo! Nimekulisha. Nimekuvika. Nimekufukizia ubani nikiwa sina cha kula. Leo unaniambia navuja? Rudi kwangu, mshenzi wewe! Rudi nife nawe!"

"Hujabakiza hata mwaka," sauti ikasema.

Kuhusu lililofuata nimeulizwa mara nyingi, na masheikh, na binti yangu Chiku, na Khozema mwenyewe, kwa nini nililifanya. Jibu langu ni lile lile. Nilikuwa nimekwisha kukubali kumchukua. Na mtu aliyekubali mgeni hamwachi barazani asumbue watoto wa watu, eti kwa sababu mlango wa mbele umegoma kufunguka. Humpitisha uani.

Nikasimama kati ya Khairat na Bi. Mwatum. Nikapiga kifua changu.

"Kaa hapa."

Macho ya Khairat yakanigeukia.

"Wewe mzee."

"Mzee, ndiyo. Umekuja kuchagua au umekuja kukaa?"

Mkono wa Khairat ukashuka kutoka kifuani.

"Huyu binti si wako na hatakuwa wako. Kaa hapa. Na ukikaa, utafuata kanuni za nyumba yangu."

"Baba Chiku, usi…" Bi. Mwatum alianza.

Umeme ukakatika.

Kompyuta ya Khozema ilikuwa na betri ya akiba, kwa hiyo kioo ndicho kilichobaki na mwanga. Ngoma ilikatika pia. Nilisikia mtu akivuta pumzi, na hakuwa mmoja wetu. Kisha uzito… Hakuna kilichonigusa. Ulikuwa uzito ule unaousikia mtu mwingine akiketi upande wa pili wa kitanda chako.

"Bibi?" Khairat aliita. Kwa sauti yake. "Bibi, mbona giza?"

Nikatazama kioo. Mstari wa kijani ulikuwa umejaa.

Khozema aliichomoa flashi kwa leso, akanikabidhi. Niliipitisha kwenye pete ya funguo zangu pale pale. Adhana ya magharibi ikaanza. Tuliingia watatu, tukatoka wanne, na hakuna aliyemuaga mwenzake.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mwera. Nilivuka kwa kivuko cha Pangani na kutembea sehemu iliyobaki. Asheri Mhina alikuwa kipofu wa jicho moja, anafua nazi mlangoni kwake. Nilimweleza yote kwa utaratibu.

"Kwenye chuma hakuingia," alisema. "Aliposoma jina lile alirudi."

"Basi amekaa kwangu? Mimi nataja jina hilo kila siku."

"Mtu hana mlango mmoja, mzee mwenzangu. Huenda amekaa kwako. Huenda alirudi kwa Mwatum kimya kimya, anangoja. Hawa wana subira."

"Nitajuaje?"

"Mwatum akifa utajua. Kama yuko kwako, binti atalala. Kama hayuko…" Akaendelea kufua nazi.

"Kama hayuko, je?"

"Atamfuata binti, na hapo hakuna wa kumwambia kaa hapa. Litupe hilo dude baharini urudi kwenu."

Sikulitupa. Chiku, anayekaa nami, alilichukua siku moja bila ruhusa, akalisikiliza kwenye kompyuta ya ofisini kwao. Alirudi hana raha.

"Baba, ule wimbo nimeusikia. Mwishoni yule bwana anauliza, 'Umekaa?'"

"Najua. Hakuna jibu."

"Lipo. Anajibu, 'Nimekaa.' Ni sauti yako, baba."

Nilikwenda kuisikiliza. Ni sauti ya mwanamume mzee, ya kukwaruza kidogo. Mimi sikuitambua. Lakini mtu hajui sauti yake mwenyewe akiisikia nje ya kichwa chake. Ninachojua ni kwamba pale dukani nilisema "Kaa hapa." Sikusema "Nimekaa."

"Litupe," Chiku alisema.

"Nikilitupa, atakwenda kwa nani?"

Imamu wetu naye aliniambia nilitupe, kwa upole zaidi. Nikamwonyesha kwamba lina Bismillahi ndani yake, akaomba muda wa kufikiri. Bado anafikiri.

Basi tunaishi. Jioni nyingine harufu ya tope huja, na funguo hunitingishikia mfukoni nikiwa nimekaa kimya. Mara ya kwanza niligutuka. Sasa namwambia, "Tulia. Nimekula unga wa yanga miaka miwili, nimepanga foleni ya sabuni tangu alfajiri nikarudi mikono mitupu. Wewe ndiye utanitisha?" Hutulia. Nikimaliza kusali hunibonyeza bega, nami huliondoa bega langu. Nyama mbichi aliitaka, nikamnyima. Damu aliitaka, nikamnyima. Nilimwambia nyumbani humu huliwa wali na maharage, na Ijumaa samaki. Asiyependa ajue mlango ulipo, lakini ukuta wa pili, nyumbani kwa Mwatum, haruhusiwi.

Khairat yuko chuoni. Kila mwisho wa mwezi hunipigia simu.

"Shikamoo, Babu Hatibu. Unaendeleaje… na mwenzako?"

"Marahaba. Tunagombana. Wewe unalala?"

"Nalala, babu. Miguu yangu safi."

"Basi soma."

Bi. Mwatum nilikuwa nakwenda kumtazama kila asubuhi. Aliponiona mlangoni alitazama kwanza funguo, kisha uso wangu. Hatukulizungumza tena. Mara moja tu, juzi, alinishika mkono, akanong'ona, "Baba Chiku, una hakika unaye?"

"Ninaye," nilisema.

Sina hakika. Lakini nilimwambia ninaye, na kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, ili yeyote aliyekuwemo humo asikie kwamba nafasi imeshachukuliwa.

Mwatum binti Amour Khamis amefariki dunia leo alasiri, nyumbani kwake, Makorora.